Imekwama, Bwana Luteni

Kambi ya miavuli, Miyazaki
19 Agosti 1944

Dada Fusae,

Barua hii haipiti posta. Anaileta Sajini mmoja wa huko kwetu Nagoya aliyepewa ruhusa ya kwenda kumzika baba yake, kwa hiyo ukishaisoma itie motoni, na majibu umpe yeye yeye. Mama na Baba hawajambo? Mimi mzima, ila mabega yamechubuka kwa kamba za mwavuli.

Nina swali la kazi yako. Tumegawiwa zile bunduki fupi za rashasha, zenye magazini iliyopinda inayotokea ubavuni, kushoto. Kitako kinakunjika, unaifunga kifuani na kuruka nayo. Hujui jambo hilo lina maana gani kwangu. Miaka miwili iliyopita, tuliporuka Sumatra, kila mtu alikuwa na bastola tu. Bunduki zilishushwa mbali nasi, kwenye masanduku yenye miavuli yake. Sanduku letu liliangukia ng'ambo ya kinamasi. Nilikuwa na Hamano, yule mwimbaji niliyekusimulia. Akasema, "Nifuate, mbio moja tu tumefika." Risasi ya Mholanzi ikampata shingoni. Akakaa chini kama mtu aliyechoka, damu ikimtoka kati ya vidole. Nililifikia sanduku kwa kutambaa juu ya watu ninaowajua kwa majina, na nilipofika mikono iliteleza, nikashindwa kufungua kifuniko.

Basi siku nilipopewa bunduki ya kufunga kifuani niliikumbatia mbele za watu, wakanicheka.

Lakini inakwama, Dada. Si yangu peke yake. Unapiga vizuri, ta-ta-ta, halafu kimya. Ganda la risasi limekaa mdomoni kama mwiba wa samaki kooni. Mwalimu wetu anasema ni uchafu wa mikono yetu. Wewe unazifyatua kila siku. Niambie, kasoro ni yetu au ni yenu?

Mdogo wako,
Mitsuru

Tena: wenzangu nimewaambia unashona miavuli. Nikiwaambia unajaribu bunduki sitalala. Kila moja ikikwama watasema wanakuja Nagoya kukuposa kwa fimbo.


Nagoya
2 Septemba 1944

Mitsuru,

Sajini wako amekula viazi vyetu vyote, halafu akamsifia Mama mapishi mpaka Mama akaona haya. Anaondoka kesho, kwa hiyo naandika mbiombio.

Kasoro ni yetu. Baba kaniambia niliandike hilo kwanza. Unajua yeye ndiye aliyezipiga tupa zile za mwanzo, kabla vita havijawa vikubwa. Anasema wakubwa hawakuzitaka. Walidai askari atamwaga risasi kama maji. Wakazichezea miaka nenda miaka rudi, mara wazitie miguu, mara wazitie kipimo cha kulenga mtu aliye mita elfu moja na mia tano. Hapo Baba hucheka hadi akohoe. "Kwa kirisasi kile cha bastola? Umbali huo hata kuku atageuka akuulize ulikuwa unamwitia nini!" Na udhaifu wa risasi ndio ugonjwa wenyewe: haina nguvu ya kukisukuma chuma cha ndani kirudi vizuri kila mara. Sasa vita vimetugeukia, wanazitaka zote leo, tena kwa chuma kidogo.

Fanya hivi. Usijaze magazini mpaka juu. Acha nafasi ya risasi mbili tatu ili springi ipumue. Mafuta yawe kidogo, ufute hadi udhani hayapo. Na usiishike kwa magazini, hata mkono ukitaka. Ishike kwenye mti, chini ya mtutu.

Tumeanza kutengeneza nyingine. Hazikunjiki, zimechomelewa ovyo, chuma kina makovu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Lakini zinapiga haraka, karibu mara mbili ya hizo zenu, na mimi naziamini zaidi.

Usifikiri huku tunapanga maua. Juzi moja ilifyatuka kabla risasi haijaingia sawasawa. Yaeko alikuwa ameinama juu yake, Yaeko yule aliyecheza ngoma kwenye harusi ya binamu mpaka akavunja kiatu. Kipande cha shaba kikamwingia jichoni, cha pili kikaliumiza la pili. Akasimama wima, akauliza, "Nani kazima taa?" Ilikuwa mchana kweupe. Nilimkumbatia hadi akaelewa. Msimamizi akaagiza damu imwagiwe mchanga, na kabla ya chakula msichana mwingine alishasimama mahali pake.

Mama anasema uvae soksi za sufu hata kama ni joto. Usibishane naye, vaa.

Dada yako,
Fusae


Luzon
4 Desemba 1944

Dada Fusae,

Hii inabebwa na rubani anayerudi nyumbani na ndege mbovu. Akifika, utasoma.

Kabla ya kuondoka Japani tulinyang'anywa zile za kukunja, tukapewa zile zenye ndui. Yangu ina alama ya karakana yenu. Huenda umeishika. Nimeipiga mara nyingi na haijaniaibisha. Habari ya kutojaza magazini nimewafundisha wote, nao wanadhani ni akili yangu, sikuwasahihisha.

Nina rafiki hapa, Kuzumi Tatsuo, mtoto wa muuza tofu ya soya wa Kagoshima. Anakoroma kama injini, lakini ukimwambia shika hapa, anashika. Nimemkaririsha anwani yenu, naye kanikaririsha ya kwao.

Keshokutwa tunaruka Leyte, kwenye viwanja vya ndege vya Wamarekani. Tunachoma ndege, tunaua watu, tunashikilia uwanja hadi wenzetu wanaotembea milimani watufikie. Nilimwuliza Luteni Mamiya, "Wakichelewa je, Bwana Luteni?" Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya sanda msibani.

Wenzangu wanakata nywele na kucha zao zipelekwe nyumbani. Mimi kucha nimezitafuna zote. Mama usimwambie ninakwenda wapi. Mwambie soksi nimevaa.

Mitsuru


Nagoya
20 Desemba 1944

Mitsuru,

Hii inapita posta ya jeshi, kwa hiyo ni fupi. Barua ya rubani nimeipata. Sote wazima. Mama ana shughuli nyingi, ndiyo maana safari hii hakuongeza neno lake mwishoni. Kazi inaendelea vizuri. Ukisikia uvumi wowote kuhusu Nagoya, usiusadiki. Baba anakusalimu.

Pigana, urudi. Ukirudi tutasema mengi.

Fusae


Kagoshima
11 Machi 1946

Kwa Bi Shiraki Fusae,

Hunifahamu. Mimi ni Kuzumi Tatsuo, nilikuwa kikosi kimoja na ndugu yako Mitsuru. Anwani hii alinikaririsha mwenyewe. Nimerudi mwezi uliopita kutoka kambi ya mateka. Mguu wa kushoto niliuacha huko. Nimesikia familia nyingi zilipewa kipande cha karatasi tu, bila maelezo. Nakupa maelezo.

Tuliruka jua likizama. Mitsuru aligusa ardhi kabla yangu na alianza kupiga risasi mwavuli ungali unamburura. Ndege zao zilikuwa zimepangwa mistari, naye alizimiminia risasi matumboni mpaka petroli ikawaka na uwanja wote ukawa mwekundu. Watu tuliowakuta hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wapishi, mafundi, makarani, wengine taulo kiunoni, sabuni masikioni. Walikimbilia bunduki zao na wengi hawakufika. Mmoja alimrushia Mitsuru sufuria ya maharage. Wakafa kando ya vyakula vyao, na sisi tulikula vyakula hivyo tukiwa tumekaa kati yao.

Asubuhi ya tatu walituletea vifaru. Tulikuwa tunavuka barabara, Mitsuru akitukinga. Bunduki yake ikakwama. Alisimama uso kwa uso na Wamarekani wawili, akaipiga kiganja, ikagoma. Walimpiga kifuani. Alikufa papo hapo, bila maumivu, akiwatazama adui. Ninyi ni wazazi na dada wa shujaa, na mtaa wote ujue hivyo.

Aliniambia wewe hushona miavuli. Wangu ulifunguka vizuri sana. Asante.

Kuzumi Tatsuo


Nagoya
2 Aprili 1946

Bwana Kuzumi,

Mimi sishoni miavuli. Sijawahi kushona hata mfuko wa chumvi. Ndugu yangu alikudanganyeni ili msimtanie. Kazi yangu ilikuwa kujaribu zile bunduki. Zote zilizokuwa na alama yetu zilipita mkononi mwangu au mkononi mwa msichana aliyesimama bega kwa bega nami. Ilifika wakati risasi zikawa adimu, tukaamriwa kila bunduki ipigwe kidogo tu, ikilia, ipite. Nilizipitisha.

Barua yako nilimsomea Baba kwa sauti. Nilikuwa nimeshaanza neno lile "ikakwama" ndipo nikaelewa ninachokisoma. Baba ni fundi wa bunduki. Tuna chumba kimoja tu cha mabati, kwa hiyo sasa anashinda nje, hata mvua ikinyesha.

Unasema "wazazi". Siku iliyofuata baada ya ninyi kuruka, ardhi ya huku ilitikisika mchana. Nilipofika nyumbani boriti ilikuwa imemlalia Mama kiunoni. Alikuwa hai. Tulichimba kwa mikono na kwa bakuli. Aliendelea kuniambia nikaangalie wali usiungue, nami nikaendelea kumjibu, "Nimeshaepua, Mama." Hatukuwa na wali. Alikufa jioni. Askari wakapita wakituonya tusiseme wala tusiandike, adui asijue. Hata wiki haijaisha adui akaja na ndege zake, na mabomu yakaangukia karakana. Nilikuwa katika waliotumwa kukusanya. Niliokota viatu, na viatu vilikuwa na miguu ndani. Halafu nikaenda kumwandikia Mitsuru kwamba sote wazima.

Kwa hiyo usinitunze kama yai. Najua watu hawafi papo hapo bila maumivu. Nijibu tu: ganda lilikwama mdomoni, au kuna chuma kilichovunjika? Magazini ilikuwa imejazwa hadi juu? Nataka kujua nilimuua vipi.

Shiraki Fusae


Kagoshima
19 Aprili 1946

Dada Fusae,

Niruhusu nikuite hivyo, kama yeye alivyokuita. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama dukani kwa mama yangu, nikakaa juu ya ndoo ya tofu bila kujua.

Bunduki haikukwama. Nimekudanganya. Sikujua kwamba uongo wangu una mtu wa kumuangukia.

Uwanja wa ndege tulifukuzwa, hilo ni kweli. Lakini Mitsuru alitoka pale hai, bila hata mkwaruzo, akinibeba. Kombora lilikuwa limeusaga mguu wangu chini ya goti. Tulipanda milimani na Luteni Mamiya, tukiwa kundi dogo, tukila mizizi na vyura. Wale wa kutufikia hawakutufikia. Siku hiyo tulikuwa korongoni, chini ya mwamba, wazima upande mmoja na sisi majeruhi wanne upande wa pili. Mabuu yalikuwa yameingia jerahani mwangu. Mitsuru alikuwa akinitolea kwa kijiti huku akinitania kwamba nimefuga wengi kuliko baba yake Noda, aliyekuwa na kuku. Noda ndiye aliyelala karibu nami, na tumbo lake lilikuwa wazi.

Tukasikia Wamarekani wanapanda kwa kufuata mto. Luteni akasimama. Akasema, "Shiraki, wapumzishe hawa. Halafu tunaondoka."

Mitsuru hakuinuka. Akasema, "Imekwama, Bwana Luteni."

"Lete."

Akampa. Luteni akaichomoa magazini, akatazama ndani, akavuta chuma nyuma, akakiachia, kikaenda vizuri kabisa, klak. Akairudisha magazini, akamtupia bunduki mapajani. "Haijakwama. Kilichokwama ni wewe."

Akachomoa bastola yake mwenyewe. Alianza na Noda. Noda alikuwa na akili zake zote, Dada, aliinua mkono akasema, "Subiri kidogo, Bwana Luteni." Akampiga pale katikati ya nyusi, na vilivyomo kichwani vikanirukia usoni. Nikafumba macho. Nikasikia buti lake likinikaribia, likakanyaga mkono wangu.

Kisha nikasikia ile sauti. Ilikuwa fupi sana, kama mtu anayepasua kitambaa. Ilikuwa bunduki ya Mitsuru, ile niliyoisikia ya kwanza siku tuliporuka Leyte, na sitaisahau. Luteni aliniangukia. Risasi zilimwingia kwapani zikatokea upande wa pili, na mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu, unatoa hewa bila maneno.

Sajini Hatano alikuwa nyuma ya Mitsuru. Alimchoma singe mgongoni, mara moja, kwa nguvu zake zote, kisha akaiachia kana kwamba imemchoma yeye. Mitsuru aligeuka akiwa na bunduki mkononi, kidole kwenye kifyatulio. Risasi zilikuwamo. Sote tulingoja. Akamwambia, "Basi, Sajini. Imetosha. Wachukue wengine uende." Na Hatano, mtu mzima mwenye ndevu, akaanza kulia kwa sauti, akawachukua, wakaenda. Sijasikia kama kuna aliyefika popote.

Hakufa papo hapo. Ilimchukua mchana mzima. Alikaa ameegemea mwamba kwa sababu singe haikumruhusu kulala, akatulinda, mtutu ukielekea njia waliyoondokea wenzetu, si njia waliyokuwa wakija Wamarekani. Aliongea kidogo. Alisema soksi zinamwasha. Akaniambia, "Nyumbani sema nilifia uwanjani. Baba hataweza kulibeba hili mbele ya watu." Nikaapa. Wamarekani walipotukuta alikuwa amekwisha kupoa, na walidhani tumeuana kwa sababu ya chakula.

Kwa hiyo habari ya uwanjani ni amri yake. Habari ya kukwama ni yangu. Nilitafuta namna ya kumfisha katika barua, nikakosa, nikaliokota neno lililokuwa kinywani mwake mwenyewe.

Kati yetu watatu tuliobaki, mmoja alifia mikononi mwa madaktari wao. Wa pili, Inui, yuko Moji, anapakia makaa ya mawe. Wa tatu ni mimi.

Ofisi ya jeshi imemwandika aliyefia vitani. Ukitaka ukweli uandikwe, nitakwenda kuusema, lakini watamwita muuaji wa mkubwa wake, na ninyi mtakuwa nyumba ya muuaji huyo. Amua wewe. Mimi sina haki tena ya kukuamulia.

Kuzumi Tatsuo


Nagoya
5 Mei 1946

Kuzumi,

Nimemsomea Baba. Nilimwita ndani, nikafunga mlango, kwa sababu mabati hayana siri. Nilipofika kwa Luteni akichungulia bunduki, Baba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Basi ilifanya kazi." Kisha akatoka akatapika ukutani. Nilimshika kiuno. Ni mara ya kwanza ananiacha nimguse tangu barua yako ya kwanza.

Jirani mmoja alipita akamwinamia, kama wanavyomwinamia wote siku hizi, baba wa shujaa. Baba alimtazama kwa muda, akainama pia. Aliporudi ndani akaniambia, "Watu wa mtaa huu waache na mtoto wao. Mimi nina wangu."

Kwa hiyo usiende ofisi yoyote. Luteni naye ana mama mahali fulani, na nimechoka na mama wanaoletewa habari.

Sikushukuru, usidhani. Wiki zile zote baada ya barua yako niliosha mikono kwa mchanga hadi ngozi ikatoka. Chuki niliyokuwa nayo kwako haijaisha, nayo sijui niiweke wapi. Na huyo Hatano namchukia, kisha nakumbuka alivyolia, nashindwa kuendelea. Usiku Mama ananijia akiulizia wali, na sasa Mitsuru anakaa kando yake na kitu mgongoni.

Lakini nataka kukueleza jambo moja. Nimefyatua bunduki zile kwenye ukuta wa mchanga mpaka bega langu likawa na sugu. Huko zilikokwenda kutoka hapo, niliwajua waliokufa tu: wa kwenu, wa kwao, yule wa taulo, yule wa sufuria. Sijawahi kumwona mtu aliye hai kwa sababu ya mojawapo.

Mwandikie Inui. Mje wote wawili. Treni ya kutoka kusini hufika asubuhi, mtasimama njia nzima, kwa hiyo yeye akupe bega. Mkishuka msiulize nyumba ya Shiraki, haipo. Fuateni reli mpaka mwone vibanda vya mabati na mzee aliyekaa nje. Njooni na mchele wenu kama mnao, kama hamna nitauza kimono cha Mama, kimebaki kimoja.

Hatutawauliza neno. Baba atakaa upande ule, mimi upande huu, nanyi katikati. Tunataka kuwaona mnavyokula.

Shiraki Fusae